Halmashauri Inapojenga Juu ya Mji wa Kale: Nani Anayalinda Mabaki?

Mabaki mengi ya kale yanayopotea kwenye miradi ya umma hupotea bila mtu yeyote kukusudia. Kinachoyamaliza ni ratiba. Siku ekskaveta inapofukua kigae cha kwanza cha chungu, michoro ya jengo imekwisha kupitishwa, mkandarasi amelipwa malipo ya awali, fedha za mradi zina tarehe ya mwisho ya kutumika, na diwani amewaahidi wananchi kwamba stendi itafunguliwa kabla ya mvua. Katika hali hiyo, yeyote anayesema kazi isimame kidogo anaonekana adui wa maendeleo, hata kama sheria iko upande wake.

Kwa hiyo suala la kulinda mabaki ya kale serikali za mitaa zinapojenga haliwahusu wanaakiolojia peke yao. Linahusu nani anaamua, anaamua lini, na fedha zinatoka fungu gani. Mtu akiyaelewa hayo matatu ataelewa kwa nini mji mmoja uliweza kujenga na kuhifadhi, na mwingine ukabomoa hata baada ya mahakama kutamka kwamba eneo lake ni kumbukumbu ya taifa.

Mwombaji na mkaguzi ofisi moja

Mtu binafsi akitaka kujenga ghorofa hupeleka maombi halmashauri. Halmashauri inakagua, inaweka masharti, na ikiona vema inakataa. Lakini soko, stendi, shule, barabara ya mtaa, mfereji wa maji ya mvua, au jengo la halmashauri yenyewe? Hapa anayeomba na anayekagua ni ofisi moja. Mhandisi wa ujenzi anamwandikia barua ofisa mipango miji ambaye wanakutana naye kila asubuhi kwenye korido, na wote wawili wanawajibika kwa mkurugenzi mmoja ambaye naye anapimwa kwa miradi iliyokamilika. Si lazima awepo mla rushwa ili mabaki yapotee. Muundo wenyewe unatosha.

Kesi iliyoonyesha jambo hili waziwazi ni ya Dublin, mji mkuu wa Ayalandi. Miaka ya 1970 halmashauri ya jiji hilo ilikuwa ikijiandaa kujenga ofisi zake katika eneo la Wood Quay, kando ya mto Liffey. Wachimbaji wa Makumbusho ya Taifa walikuta chini yake mji wa Wavikingi, mabaharia waliotoka Skandinavia, wa karne ya 10 na ya 11: nyumba zilizosukwa kwa fito, nyua, vijia, mashimo ya taka, na kingo za mto zilizojengwa upya na kusogezwa mbele kadiri mji ulivyopanuka. Udongo wenye maji ulikuwa umehifadhi mbao na ngozi, vitu ambavyo sehemu nyingi duniani huoza vikatoweka kabisa.

Padri mmoja aliyekuwa pia profesa wa historia, F. X. Martin, alikwenda Mahakama Kuu. Mwaka 1978 mahakama ikatamka kwamba eneo lile ni kumbukumbu ya taifa. Ungedhani mambo yameishia hapo. Lakini sheria ya mwaka 1930, iliyokuwa ikizilinda kumbukumbu hizo, iliruhusu ziondolewe endapo idara ya serikali kuu inayosimamia majengo ya umma na mamlaka ya mtaa ya eneo husika zingeridhia kwa pamoja. Na mamlaka ya mtaa ya eneo lile ilikuwa halmashauri ileile iliyotaka kujenga. Ridhaa ikatolewa. Septemba 1978 watu wapatao 20,000 waliandamana barabarani. Juni 1979 kundi la wananchi liliingia ndani ya eneo na kulikalia kwa muda wa wiki tatu. Walichokipata ni muda zaidi wa kuchimba. Uchimbaji ukafungwa mwaka 1981, na leo ofisi za halmashauri zimesimama pale.

Tazama mpangilio wa mambo hayo. Sheria ilikuwepo, mahakama ilikuwepo, watu walijitokeza kwa maelfu, wataalamu walikuwa ndani ya shimo wakionyesha walichokipata. Tundu lilikuwa moja tu, sahihi ya mwenye mradi kuhesabiwa kuwa kinga ya umma dhidi ya mradi wake mwenyewe.

Miaka ileile, ng'ambo ya bahari, mji wa York nchini Uingereza ulikuwa na mabaki ya Wavikingi wa zama zilezile, yakiwa kwenye tope lilelile linalohifadhi mbao. Eneo la Coppergate lilipangiwa maduka mapya. Wanaakiolojia walianza kuchimba mwaka 1976, wakamaliza 1981, ndipo maduka yakajengwa, na chini ya maduka hayo pakawekwa makumbusho ya Jorvik yaliyofunguliwa mwaka 1984. Mamilioni ya watu wamekwisha kuyatembelea. Sisemi kwamba York hapakuharibika kitu, kwa sababu kuchimba nako kunaondoa kile kinachochimbwa. Ninachosema ni kwamba uchimbaji ulipewa nafasi yake kabla ya ujenzi, haukulazimika kupokonya nafasi hiyo kwa maandamano.

Nchi mbalimbali zimejaribu kuliziba tundu la Dublin kwa njia tofauti. Njia moja ni kuhakikisha kibali cha mambo ya kale hakitoki ndani ya halmashauri, bali kwa mamlaka ya taifa ya malikale au makumbusho. Nyingine, ambayo mimi naipenda zaidi, ni kuweka vipimo ndani ya sheria ili ofisa asiachiwe kupima kwa jicho lake. Sheria ya urithi ya Afrika Kusini, Na. 25 ya mwaka 1999, inamtaka mwenye mradi atoe taarifa kwa mamlaka ya urithi katika hatua za mwanzo kabisa ikiwa anajenga barabara, bomba, mfereji au kitu kingine cha aina hiyo kinachozidi urefu wa mita 300, daraja linalozidi mita 50, au anabadilisha sura ya kiwanja kinachozidi mita za mraba 5,000. Haijalishi kama ni kampuni au manispaa. Futi kamba haina shemeji.

Udhaifu wa vipimo nao upo. Miradi mingi ya halmashauri ni midogo: madarasa mawili, choo cha shule, kisima, ukuta wa zahanati. Mmojammoja haufikii kiwango, lakini ikijumlishwa ndani ya mji mmoja wa kale, miaka kumi inatosha kuutoboatoboa mji mzima. Dawa ya hili ni ramani ya maeneo nyeti inayotengenezwa mara moja na kuwekwa katika ofisi ya mipango miji, ili hata kiwanja kidogo kikiangukia ndani ya eneo hilo kiulizwe maswali kabla ya jembe kuingia.

Kitu chenyewe kinafananaje

Wengi wetu tukisikia mabaki ya kale tunawaza ukuta wa mawe, nguzo, msikiti uliobomoka, kaburi lenye mnara. Ingekuwa hivyo tu, kazi ingekuwa nyepesi, kwa kuwa hata dereva wa katapila huliona gofu. Sehemu kubwa ya watu waliowahi kuishi duniani walijenga kwa miti, udongo, majani na nyasi, na alama waliyotuachia ni rangi ya udongo.

Chukua shimo lenye kina cha mita moja na nusu, ukuta wake umekwanguliwa vizuri kwa mwiko. Juu kuna udongo wa sasa wenye mizizi na vipande vya plastiki. Chini yake kuna kifusi cha vigae na chokaa. Halafu mstari mweusi mwembamba kama kidole, ambao ni majivu na mkaa wa nyumba iliyoungua. Chini ya mstari huo kuna udongo uliokanyagwa hadi ukawa mgumu, na hiyo ni sakafu. Na katika sakafu hiyo, doa la mviringo lenye udongo laini, mweusi kidogo kuliko unaolizunguka: hapo palisimama nguzo ya mti, ikaoza, shimo lake likajaa taka za siku zile. Madoa kama hayo yakijipanga kwa mstari, una ukuta. Mistari minne, una nyumba.

Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate nchini Kenya, uchimbaji wa miaka ya 1980 ulifika chini ya msikiti wa Ijumaa uliojengwa kwa mawe na kukuta mfululizo wa misikiti midogo ya miti iliyotangulia, iliyo ya zamani zaidi ikirudi hadi karne ya 8. Ushahidi wa ile ya mwanzo ulikuwa mashimo ya nguzo. Laiti mtu angeona msikiti wa mawe tu na kusema tuhifadhi kuta, chini tupitishe bomba, historia ya Uislamu katika pwani hii ingepungukiwa na ukurasa ambao hauwezi kuandikwa kwa namna nyingine.

Kutokana na hilo ndipo inaeleweka kwa nini wanaakiolojia hukasirika wakiletewa mfuko wa shanga na vigae vilivyookotwa na mafundi. Si utovu wa shukrani. Kigae kilichotoka kwenye tabaka la majivu kinaweza kusaidia kujua nyumba iliungua lini na wenyewe walikuwa wakifanya biashara na nani. Kigae hichohicho kikiwa ndani ya mfuko kinasema tu kwamba mahali fulani humu palikuwa na chungu.

Kabla michoro haijachorwa

Hatua ya kwanza ndiyo ya bei ndogo kuliko zote, nayo ndiyo inayorukwa zaidi: kukaa mezani na kusoma. Ramani za zamani, picha za anga, ripoti za uchimbaji wa nyuma, majina ya mitaa na vitongoji, masimulizi ya wazee wanaojua makaburi yalikuwa wapi na kisima cha zamani kilifukiwa lini. Kuna na chanzo kingine ambacho halmashauri hukilipia kila inapojenga jengo kubwa na kisha kukisahau kabatini, yaani ripoti za kupima udongo. Mhandisi hutoboa mashimo ili ajue msingi uwe wa aina gani. Mwanaakiolojia akiwepo siku hiyo na kuitazama sampuli ile ile, ataona pia kifusi kina unene gani, udongo wa asili unaanzia wapi, na kama katikati yake kuna tabaka la makazi. Ni gharama ya siku chache za mtaalamu mmoja.

Kusoma tu hakutoshi, na mfano wa New York unaonyesha hivyo. Serikali ya shirikisho ya Marekani ilitaka kujenga jengo la ofisi katika mtaa wa Broadway. Ramani ya karne ya 18 ilionyesha kwamba pale palikuwa na makaburi ya Waafrika, watumwa na watu huru. Wapangaji waliijua ramani hiyo. Walidhani tu kwamba misingi na vyumba vya chini vya majengo ya karne ya 19 vilikuwa vimekwisha kuyafuta makaburi yote. Hawakutilia maanani kwamba eneo lile lilikuwa bondeni, na kwamba kabla ya majengo hayo lilijazwa mita kadhaa za kifusi ili lilingane na mitaa ya jirani. Misingi ya zamani ilikuwa imeishia ndani ya kifusi. Mwaka 1991 wakaanza kukuta mifupa. Mabaki ya watu 419 yaliondolewa huku ujenzi ukiendelea, hadi jamii ya Wamarekani Weusi ilipopaza sauti na bunge kuingilia kati mwaka 1992. Mifupa ilichunguzwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Howard, ikazikwa upya mwaka 2003, na sehemu ya kiwanja ikawa kumbukumbu ya taifa mwaka 2006.

Mtaro mmoja wa majaribio, uliochimbwa kabla ya michoro, ungeiondoa dhana ile. Na hapa ndipo gharama inapoanza kupanda: baada ya kusoma hufuata kutembea eneo na kuokota kilicho juu ya ardhi, kisha vipimo vya rada na sumaku pale vinapofaa (katikati ya mji vinasumbuliwa na nyaya, mabomba na vyuma vya kila aina), kisha mitaro ya majaribio. Nchini Ufaransa mitaro hiyo hufunika kwa kawaida asilimia 5 hadi 10 ya kiwanja. Mashine hutumika, lakini kijiko chake ni kile cha makali bapa kisicho na meno, kinakwangua udongo tabaka jembamba baada ya jembamba, na mwanaakiolojia anatembea mbele yake macho yakiwa chini. Kijiko chenye meno huchanachana udongo, na doa la nguzo likishachanwa halionekani tena hata na bingwa.

Faida ya kufanya haya mapema ni kwamba mchoro bado ni karatasi. Kusogeza jengo mita 15 upande wa mashariki kwenye karatasi ni kazi ya mchana mmoja. Kulisogeza baada ya zabuni ni madai ya fidia, michoro mipya, na vikao ambavyo hakuna anayevitaka.

Kuyaacha chini, na kinachotokea chini huko

Mabaki yakishajulikana yapo, kuna uamuzi wa aina tatu. Kuhamisha mradi, kujenga juu yake bila kuyagusa, au kuyachimba na kuyaandika kabla hayajaondoka. Kanuni inayokubalika kimataifa inaweka kuyaacha mahali pake mbele ya kuyachimba, kwa sababu uchimbaji hufanyika mara moja tu na mbinu za kesho zitakuwa bora kuliko za leo. Mimi nakubaliana na kanuni hiyo, ila nina shaka na jinsi inavyotumiwa. Katika miradi ya umma maneno "yatahifadhiwa mahali pake" yamekuwa njia rahisi ya kutolipia utafiti: mabaki yanafunikwa, jengo linapanda, na hakuna anayerudi kuangalia.

Kuyaacha chini kunahitaji uhandisi. Juu ya mabaki huwekwa kitambaa maalumu cha kutenganisha, kisha mchanga safi, kisha jengo hukaa juu ya bamba pana la zege linalosambaza uzito badala ya misingi mirefu inayokata tabaka. Ikilazimu nguzo za msingi zitobolewe, zipangwe mbali mbali na zipitishwe pale mitaro ya majaribio ilipoonyesha patupu. Mji wa York, baada ya mzozo wa ujenzi wa hoteli mwishoni mwa miaka ya 1980, ulipokea utafiti wa mwaka 1991 uliopendekeza msingi usiharibu zaidi ya asilimia 5 ya mabaki yaliyo chini ya jengo. Ni kanuni iliyowasaidia wahandisi kwa kuwa walipewa namba ya kulenga. Hata hivyo ina mtego wake: nguzo zikishazagaa kila upande, ile asilimia 95 iliyobaki haiwezi kuchimbwa tena kwa maana yoyote, maana kila nyumba ya kale imekatwa mahali fulani.

Kuna na maji. Mji wa Bergen nchini Norwei una mtaa wa mbao wa kale uitwao Bryggen, ulioingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1979. Chini ya nyumba hizo kuna matabaka manene ya mbao na taka za karne nyingi, yaliyosalimika kwa kuwa yalilowa maji na hewa haikufika. Kando yake ikajengwa hoteli yenye sehemu ya chini ya ardhi iliyokuwa ikitolewa maji daima. Hakuna aliyegusa mtaa wenyewe. Lakini maji ya ardhini yakashuka, hewa ikaingia, mbao zikaanza kuoza, na ardhi ikawa inadidimia milimita kadhaa kila mwaka pamoja na nyumba zilizo juu yake. Ilibidi baadaye kazi kubwa ifanyike kuzuia maji yasikimbie na kurudisha ya mvua ardhini. Kwa hiyo mpaka wa hatari hauishii kwenye uzio wa kiwanja, na halmashauri inayochimba mfereji mkubwa wa kukausha bonde ina wajibu wa kujiuliza ni nini kilikuwa kikiishi kwa maji hayo.

London walipogundua mwaka 1989 mabaki ya ukumbi wa maigizo wa Rose, uliojengwa mwaka 1587, jengo la ofisi lilichorwa upya likapita juu kama daraja, na mabaki yakafunikwa kwa mchanga na zege dhaifu huku yakiwekewa maji yasikauke. Wanayapima hadi leo. Huo ndio uhifadhi wa mahali pake, kitu chenye mlinzi na vipimo.

Mkataba ndiyo ngome

Tuseme kila kitu kimefanyika vizuri. Bado kuna njia ambazo mabaki huponyoka, na nyingi haziko kwenye mchoro wa jengo. Jengo limesogezwa, lakini bomba la maji taka linapita palepale. Barabara imepindishwa, lakini kifusi cha kuijazia kinachimbwa kwenye kilima ambacho hakikuwemo katika tathmini, na kilima hicho ndicho kilichokuwa kijiji. Kambi ya mkandarasi, njia za malori, mahali pa kumwaga udongo, shimo la tangi la mafuta, hata miti ya kupendezesha bustani: yote hayo huchimba, na yote huamuliwa na watu walio eneo la kazi, wiki za mwisho, kwa haraka. Ningekuwa na nafasi ya kuweka sharti moja tu katika mkataba, lingekuwa hili: hakuna udongo kuchimbwa mahali popote, ndani au nje ya kiwanja, pasipokuwa kwenye ramani iliyopitiwa na mwanaakiolojia.

Sharti la pili linahusu kinachokutwa bila kutarajiwa. Benki ya Dunia, katika kiwango chake cha urithi wa utamaduni kinachotumika tangu 2018, inataka miradi inayoigharimia iwe na utaratibu wa kukabiliana na ugunduzi wa ghafla, na halmashauri nyingi hukutana na maneno hayo kwa mara ya kwanza hapo. Utaratibu kwenye karatasi ni rahisi. Kazi isimame pale, si kiwanja kizima. Kitu kisitolewe. Pazungushiwe utepe na pafunikwe mvua isiharibu. Msimamizi aarifiwe, naye aiarifu mamlaka. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu makumbusho na urithi inampa aliyegundua siku saba za kutoa taarifa.

Karatasi haitoshi, kwa sababu ya malipo. Kibarua anayechimba mtaro wa bomba mara nyingi analipwa kwa mita. Akisimama saa tatu kwa ajili ya mifupa, amepoteza saa tatu za ujira. Nyapara wake ana lengo la siku. Mkandarasi ana kifungu cha adhabu ya kuchelewa. Kila mmoja katika mnyororo huo anapata hasara akisema na hapati lolote akinyamaza, halafu tunashangaa kwa nini taarifa haziji. Mkataba mzuri unageuza hesabu hiyo: siku zilizosimamishwa na ugunduzi hazihesabiwi kwenye kuchelewa, mkandarasi anapangiwa mapema sehemu nyingine ya kuendelea nayo, kibarua analipwa ujira wa siku yake, na mamlaka inafungwa na muda wa kujibu. Hili la mwisho lisidharauliwe. Ofisi ya malikale inayochukua miezi miwili kujibu barua inawafundisha wakandarasi wote wa mkoa kutoandika barua. Zawadi ya fedha kwa kila kitu kinacholetwa, kwa upande mwingine, ni hatari: inamfanya mtu akichomoe kitu kutoka kwenye tabaka lake ili akakabidhi.

Fedha

Ubishi mkubwa huwa hapa. Mapendekezo ya UNESCO ya mwaka 1968 kuhusu mali za utamaduni zinazohatarishwa na ujenzi wa umma au wa binafsi yalikwisha kusema kwamba gharama ya kuokoa au kuhifadhi ni sehemu ya gharama ya ujenzi. Mkataba wa Valletta kuhusu urithi wa akiolojia, uliotiwa saini Malta mwaka 1992, ukaifanya hoja hiyo kuwa wajibu kwa nchi za Ulaya zilizouridhia. Uingereza iliuingiza utaratibu huo katika mwongozo wa mipango miji wa mwaka 1990. Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 2001, ikatoza ada kwa wajenzi na kuunda taasisi ya umma ya kufanya uchunguzi huo. Hoja ya msingi inafanana: anayeifukua ardhi ndiye anayegharimia kujua anafukua nini.

Kwa halmashauri hoja hiyo ina ugumu wake, kwa kuwa anayelipa ni mlipakodi yuleyule anayedai zahanati. Hapo ndipo nasisitiza mapema kuliko kingine chochote. Fungu la akiolojia lililoandikwa kwenye andiko la mradi ni sehemu ndogo ya bajeti, na mfadhili hulielewa. Fungu hilohilo likiombwa katikati ya mwaka linakatwa kwenye fedha za madawati ya shule. Na fungu lisiishie kwenye kuchimba. Kuosha, kupanga, kupima umri wa mkaa, kutibu chuma kisiendelee kuoza, kuandika ripoti na kupata chumba cha kuhifadhia huchukua muda mrefu kuliko kuchimba kwenyewe. Eneo lililochimbwa bila ripoti kuandikwa limeharibiwa kwa njia ya kitaalamu zaidi tu, na maboksi yaliyoloa katika stoo ya halmashauri yanathibitisha hivyo.

Mwananchi anaingilia wapi

Nafasi halisi ya mwananchi iko mapema, kwenye mikutano ya maoni ya tathmini ya athari kwa mazingira, ambako watu wengi huhudhuria kusikiliza habari za fidia na ajira. Sura ya urithi wa utamaduni katika ripoti hizo huwa fupi, na sentensi ya kuogopwa ni ile inayosema hakuna mabaki yaliyoonekana katika eneo la mradi. Iulize: walitazama au walichimba? Nani alitazama, ana taaluma gani? Walitazama na machimbo ya kifusi na njia ya bomba, au kiwanja cha jengo peke yake? Waliongea na nani kuhusu makaburi? Kwa makaburi hasa, familia zisisubiri kuulizwa, kwa sababu kaburi lisilojengewa halionekani na mpimaji, na baada ya burudoza kupita hakuna wa kumwonyesha.

Ombi linalostahili kuandikwa katika kumbukumbu za mkutano ni kwamba ripoti ya mwanaakiolojia iambatishwe nzima, si muhtasari wake, na ramani ya mitaro ya majaribio iwe ndani. Ramani hiyo ikiwa haina mtaro hata mmoja, mkutano umekwisha kupata jibu lake, na michoro bado iko mezani.